Hati safi, taka wiki mbili: halmashauri yetu tuipimeje?

"Mimi ni mama wa miaka 44, mjumbe wa kamati ya mtaa hapa Dar es Salaam. Manispaa yetu sitaitaja. Kila mwaka tunasikia halmashauri imepata hati safi na imevuka lengo la makusanyo, lakini mtaani kwetu gari la taka hukata hata wiki mbili. Viroba vinajaa funza, na ada tunalipa. Shemeji yangu anakaa Sinza, Manispaa ya Kinondoni, na kila tukikutana ananitania kwamba kwao gari halikosi. Maji nayo hayatoki, barabara ya mtaa ni mashimo. Vijana wetu wamependekeza tutengeneze jedwali la manispaa zote 5 za mkoa, tuzipe alama kwa kila huduma, halafu tulirushe kwenye makundi ya WhatsApp ili atakayeshika mkia aone aibu. Mwenyekiti anasita, anasema takwimu ni kazi ya serikali. Je, tunaruhusiwa? Na tutapimaje bila kumwonea mtu?"

Dada yangu, pole kwa funza. Nimefanya kazi ya uchumi na mipango kwenye halmashauri zaidi ya miaka 20, na swali kama lako tulikuwa tukiulizwa kila mkutano wa hadhara. Tulikuwa tukilijibu kwa takwimu ambazo hakuna aliyeziuliza. Leo nala pensheni, kwa hiyo naweza kukujibu bila kuangalia nani amekaa meza kuu.

Kwa ninavyokusoma, umefunga mashaka mawili kwenye pindo moja la kanga. La kwanza, inakuwaje halmashauri ileile isifiwe huko juu na inuke huku chini. Unahisi lazima kuna anayedanganya. La pili, mizani gani itawabeba watano wote kwa haki. Hilo la kwanza ni jepesi kuliko unavyodhani, maana huenda hakuna aliyedanganya hata mmoja.

Hati safi hutolewa na CAG, yaani Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Anapotoa hati anajibu jambo moja: vitabu vya halmashauri vinaonyesha hali ya fedha jinsi ilivyo, kwa viwango vya uhasibu vinavyotakiwa? Halmashauri ikinunua lori la taka, ikaliandika kwa bei yake, ikatunza nyaraka za manunuzi na kuhesabu uchakavu wake mwaka kwa mwaka, kitabu ni kisafi. Lori lenyewe linaweza kuwa limelala yadi tangu Februari kwa kukosa matairi, na hati isichafuke. Ni sawa na kusema daftari la duka limeandikwa vizuri. Kama dukani kuna unga, hilo ni swali jingine.

Sisemi hati ni karatasi tupu. Halmashauri isiyojua fedha zake ziko wapi haitakuondolea hata kiroba kimoja. Shida ni kwamba wengi tunasoma neno moja la ukurasa wa mbele na kufunga kitabu. Ripoti ya CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwekwa mezani bungeni, na ndani yake kuna makusanyo ambayo hayakufika benki, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, miradi iliyokwama. Ipo pia aina nyingine ya ripoti zake, za ukaguzi wa ufanisi. Hizo ndizo zinazouliza kama huduma imemfikia mtu. Vijana wenu wakitaka mahali pa kuanzia kusoma, waanzie hapo.

Kuvuka lengo la makusanyo ni hadithi nyingine, na kwenye hiyo mimi ni shahidi. Asilimia inayotangazwa ni asilimia ya lengo ambalo halmashauri imejiwekea yenyewe kwenye bajeti. Chukua mfano wa kubuni: halmashauri moja ilipanga kukusanya bilioni 8 ikapata 9, nyingine ilipanga 12 ikapata 11. Ya kwanza itatangazwa kwa asilimia 112.5 na kupigiwa vigelegele, ya pili itaambiwa imebaki kwenye 92, ingawa ndiyo iliyokusanya nyingi zaidi. Nimekaa kwenye kikao cha bajeti ambamo lengo lilishushwa makusudi ili mwaka ukiisha tupongezwe. Tulipopongezwa, nami nilipiga makofi.

Hata bila ujanja huo, makusanyo ni kipimo cha kilichotoka mfukoni mwenu. Kilichorudi mtaani hakimo. Isitoshe, uwanja wenyewe una mteremko. Chanzo kikubwa cha mapato ya ndani ni ushuru wa huduma, unaokatwa kwenye mauzo ya biashara. Halmashauri yenye Kariakoo na Posta ndani yake haihitaji miujiza ili iipite Kigamboni.

Sasa tuje kwenye jedwali la vijana. Kwanza, futeni visivyo vya halmashauri. Maji ya bomba ni ya DAWASA. Barabara za mitaa, pamoja na mitaro yake mingi, tangu 2017 ziko chini ya TARURA, na zile kuu ni za TANROADS. Hata kodi ya majengo, ambayo wengi wanaamini inalipwa manispaa, tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mkimpa mkurugenzi sifuri kwa mabomba makavu, atawajibu kwa sentensi moja, na jedwali zima litatupwa pamoja na yale mliyopatia. Nimeona malalamiko mazuri yakifa hivyo: mwananchi anataja mambo matano, mawili si ya halmashauri, na afisa anatumia hayo mawili kufunga faili.

Kinachobaki si kidogo: taka, majengo na madawati na vyoo vya shule za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayopaswa kukopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Walimu na waganga nusu ni wake nusu si wake, kwa sababu ajira na mgawo hutoka juu. Kipimo cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Shule yenu ikiwa na mmoja kwa 90, mkurugenzi ana la kujibu, ila asibebeshwe peke yake.

Pili, mpangilio wenyewe wa mkoa. Halmashauri ni 5 kweli, lakini manispaa ni 4. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Na shemeji yako, kwa heshima zote, anajisifia kwa jina la jirani. Sinza iko Ubungo. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, kati ya 2015 na 2016.

Usidhani nakusahihisha jiografia tu. Mipaka hiyo ni shimo ambalo hata wasomi hutumbukia. Kwenye sensa ya 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049. Kwenye ya 2022 ina 982,328. Mtu akigawa idadi ya zahanati au malori kwa hao watu bila kukumbuka Ubungo, atatangaza kwamba huduma kwa kila mkazi wa Kinondoni imekaribia kuongezeka maradufu, wakati hakuna lililotokea zaidi ya mstari kuchorwa kwenye ramani. Ukizijumlisha Kinondoni na Ubungo unapata 2,069,240, na hapo ndipo unapoona kwamba watu wameongezeka.

Kugawa kwa idadi ya watu ni lazima, ila nako kuna mtego. Temeke ina watu 1,346,674 na Kigamboni 317,902. Huwezi kuwapanga mstari mmoja kwa idadi ya malori. Lakini sensa humhesabu mtu alipolala. Kariakoo haikaliwi na wale wanaolala pale tu. Asubuhi inamezwa na watu wa Mbagala, Kimara na Bunju, wanakula, wananunua, wanatupa maboksi na mifuko, jioni wanarudi kwao. Uzito wa taka za Ilala, ambako Kariakoo iko, ukiugawa kwa watu wanaolala Ilala, mkazi wa Ilala ataonekana mchafu kupindukia, au halmashauri yake itaonekana hodari kupindukia. Inategemea tu nani ameshika kalamu.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu kuhusu jedwali la halmashauri 5 ni kuliacha, angalau kwa mwaka wa kwanza. Ulinganisho wa haki mnaoumudu ni huu: mtaa wenu leo na mtaa wenu miezi mitatu iliyopita, kisha mtaa wenu na mtaa wa jirani ulio chini ya halmashauri hiyohiyo, wenye ada ileile na nyumba za namna ileile. Hapo hakuna wa kusingizia Kariakoo.

Nianze na taka, maana ndizo zilizokufanya uandike.

Halmashauri hupima taka kwa tani zinazofika dampo. Mwaka mmoja, kwenye halmashauri niliyokuwa nikifanyia kazi, niliandika kwa fahari kwamba uzoaji umepanda sana robo ya Aprili hadi Juni. Nikapeleka ripoti dampo ili msimamizi wa mizani aisaini. Mzee wa watu akaisoma, akacheka, akaniambia: "Hiyo masika, bwana mchumi. Umepima maji." Na kweli. Maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na maboksi yakinyeshewa yanakunywa maji, lori lilelile linaongezeka uzito, na tani zinapanda hata kama safari zimepungua kwa sababu njia ni tope. Tangu siku hiyo siiamini tani peke yake.

Kipimo chenu kiwe siku. Gari lilipita lini, na kabla ya hapo lilipita lini? Muda kati ya mzunguko mmoja na mwingine ndio unaoamua harufu, inzi na kuhara. Kwa joto la Dar, yai la inzi huwa funza ndani ya siku moja, na kutoka yai hadi inzi anayeruka ni siku 7 hadi 10. Gari likipita kila siku ya tatu au ya nne, mayai na funza wanaondoka na kiroba. Likikata siku 14, mtaa unakuwa umefuga kizazi kizima na kukiachia jikoni.

Msiandike wastani peke yake. Gari likija mara 4 wiki ya kwanza, kisha lipotee wiki tatu, wastani ni mara moja kwa wiki na karatasi inapendeza. Funza hawajui wastani. Andikeni pengo refu kuliko yote ndani ya mwezi. Nambari hiyo ina sifa moja ninayoipenda: huwezi kuipunguza kwa maneno. Ili pengo refu lishuke kutoka siku 14 hadi 5, lazima gari lije. Tani unaweza kuzipandisha kwa mvua, mikutano ya uhamasishaji unaweza kuihesabu hata ukihudhuriwa na watu watatu, lakini pengo halina mlango wa nyuma.

Pembeni ya pengo wekeni nyumba ngapi zimelipa ada na kupewa risiti ya mashine. Najua hili halitapendwa kwenye kikao, ila lina uzito. Mkandarasi wa taka mara nyingi huishi kwa ada. Nyumba 40 tu kati ya 100 zikilipa, mafuta hayatoshi, anapunguza mizunguko. Mizunguko ikipungua, hata wale 40 wanagoma: kwa nini nilipe na taka ninazo? Mwezi unaofuata wanalipa 30. Wakati huohuo wapo wanaolipa mkononi bila risiti, na fedha hiyo hakuna kitabu kinachoijua. Mkiwa na nambari zote mbili, pengo na malipo, mtaona kama tatizo lenu ni fedha kutokuja, au fedha kuja na gari kutokuja. Ni maradhi mawili tofauti na dawa zake haziko kabati moja. Barua yako inasema "ada tunalipa." Huyo "tu" ni nani, dada? Wewe na majirani zako wa ukuta, au mtaa? Siulizi kwa ubaya. Kila mtaa niliofika uliniambia hivyo.

Halafu angalieni nyumba ilipo. Gari hupita barabarani, na nyumba ya tatu kutoka barabarani kwenye uchochoro inategemea guta, au mtoto wa kubeba kiroba, au mtaro usiku. Mara nyingi mtaa unaoonekana umehudumiwa umehudumiwa ukingoni tu.

Jinsi ya kukusanya: chukueni nyumba 100. Msichague zile za wajumbe wala zilizo karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Anzeni pembe moja, hesabuni, ingieni kila nyumba ya kumi hadi mtaa uishe; mtaa ukiwa mdogo, kila ya tano. Nyumba yenye vyumba vya kupanga, msimuulize mwenye nyumba pekee, maana mpangaji wa chumba cha uani ndiye anayelala karibu na viroba. Nendeni jioni au Jumapili. Mkienda saa nne asubuhi mtakutana na wasiotoka tu, na majibu yao ni ya watu waliolishuhudia gari au kutolishuhudia kwa macho, tofauti na anayerudi saa tatu usiku.

Nyumba 100 zikichaguliwa hivyo zinawapa picha yenye kuyumba kama asilimia 10 juu au chini. Maana yake, kwenu 60 wakisema gari lilipita wiki hii na mtaa wa jirani wakasema 55, msiandike kwamba mmewashinda. Hamjawashinda. Wakisema 60 kwa 30, hapo kuna jambo. Ninaomba vijana walikariri hili kabla ya kingine chochote, kwa sababu ugomvi mwingi wa nafasi ya kwanza na ya pili hutokea ndani ya huo mtikisiko, ambamo hakuna wa kwanza wala wa pili.

Swali la kuuliza ni "gari lilipita lini mara ya mwisho?" Msiulize "unaridhika na huduma ya taka?" Kuridhika hupimwa na mtu alichozoea. Mama wa bondeni ambaye miaka kumi hakuwahi kuona gari, likija mara moja kwa mwezi atasema anaridhika sana. Wa Masaki, kwa wenye nacho, likichelewa siku moja ameshampigia diwani. Mkihesabu kuridhika, bonde litaishinda Masaki. Mkihesabu malalamiko yaliyoandikishwa, mtagundua zaidi nani ana vocha na nani anajua namba ya kupiga. Halmashauri inayopokea malalamiko mengi huenda ndiyo iliyofungua dirisha la kuyapokea.

Elimu na afya nitazipita haraka. Shuleni hesabuni matundu ya vyoo: kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, na mwalimu mkuu anayajua majibu bila kufungua daftari. Zahanati, andikeni siku ambazo mgonjwa aliandikiwa dawa za kawaida akaambiwa akanunue nje. Vituo vya afya serikali imewahi kuvipanga kwa nyota, sifuri hadi 5, na mna haki ya kuuliza chenu kilipata ngapi.

Sasa ile aibu. Naelewa utamu wake, lakini nchi hii imeshajaribu. Mwaka 2013, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa hadharani kwa matokeo ya mitihani na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti waliofuatilia baadaye walikuta mambo mawili kwa pamoja. Shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, kwa hiyo aibu inafanya kazi, tusiseme uongo. Lakini shule hizohizo zilipunguza watahiniwa, zaidi ya wawili kwa shule. Watoto dhaifu hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Nambari ilipanda, na sehemu ya kupanda kwake ilikuwa mtoto aliyeachwa nje. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule na wanafunzi 10 bora.

Kwa taka mambo yatakuwa yaleyale. Mkiuabisha mtaa kwa viroba vinavyoonekana barabarani, viroba vitaondoka barabarani na kwenda mtaroni, kisha mvua ya Novemba itawarudishia sebuleni.

Mfano unaonivutia zaidi uko India, mji wa Bangalore. Mwaka 1994 Samuel Paul na kituo chake cha Public Affairs Centre waliwauliza wakazi kuhusu taasisi zinazowahudumia, wakatangaza majibu. Walirudia 1999, mabadiliko yakawa madogo. Wakarudia 2003, ndipo wakakuta huduma zimepanda waziwazi. Ni miaka 9, na maswali yaliyoweza kulinganishwa kila mara. Jedwali la WhatsApp linaishi siku mbili.

Mwenyekiti wako msimcheke. Hofu yake ina historia. Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu yaliweka adhabu kwa kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na kitisho hicho kikaondolewa. Kuhesabu siku ambazo gari la taka limepita mbele ya nyumba zenu hakuhitaji kibali cha mtu, ilimradi muite jina lake: hesabu ya daftari la mtaa fulani, nyumba 100, mwezi fulani. Msiite takwimu rasmi, msiseme "Dar es Salaam nzima." Majina na namba za simu za waliojibu msiandike kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwapo, jirani aliyesema halipi ada hastahili kusomwa kwenye kundi la WhatsApp.

Yale msiyoweza kuyahesabu wenyewe, ombeni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Ombeni mkataba wa mkandarasi wenu: unasema mizunguko mingapi kwa wiki, na adhabu gani akikosa? Hilo moja lina thamani kuliko jedwali la halmashauri 5, kwa sababu mtakuwa mnampima kwa ahadi yake mwenyewe. Msipojibiwa, rudini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikuwahi kuandikwa.

Mkishakuwa na miezi mitatu ya daftari, msianzie kwa waandishi wa habari. Mpelekeeni bwana afya wa kata na mtendaji wa kata, mkae nao mezani, karatasi moja tu. Mara nyingi yule bwana afya anaitafuta karatasi hiyo ili naye ambane mkandarasi. Hana gari, hana mafuta, ana kata nzima peke yake. Kama hakuna kilichobadilika, ipelekeni kwenye mkutano wa mtaa isomwe mbele ya watu, halafu kwa diwani ili iingie Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mkienda kote huko patupu, kumbukeni kuwa wakazi wa Tabata waliwahi kulishtaki jiji Mahakama Kuu kuhusu dampo lililokuwa mlangoni mwao, wakashinda mwaka 1988. Hiyo ni njia ndefu na ya gharama. Sitawasukuma huko kwa viroba vya wiki mbili. Mkifika hapo, muoneni wakili ana kwa ana, au kituo cha msaada wa sheria, kabla ya kuandika lolote.

Na yapo mambo mawili ambayo daftari halitoshi. Mkiona dalili kwamba ada inakusanywa bila risiti na mtu mnamjua, msimtaje kwenye kundi lolote. Nendeni ofisi ya TAKUKURU au pigeni 113, toeni mlichoona, acheni wachunguze. Nimeona mjumbe mwaminifu akijikuta mshitakiwa kwa sababu ya ujumbe mmoja wa sauti. La pili, mkitaka kupanua hesabu hadi kata nzima, tafuteni mtu wa takwimu, hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho Chuo Kikuu Mlimani, akae nanyi nusu siku apange nyumba za kuuliza. Kosa la kuchagua nyumba halirekebishiki mkishafunga daftari.

Kuhusu shemeji wa Sinza: huenda ni kweli gari kwao halikosi, na huenda pia ada yao ni kubwa na barabara zao zimenyooka. Mkikutana mwulize lilipita tarehe ngapi, na lile la kabla yake tarehe ngapi, kisha mwombe akuonyeshe risiti ya mwezi huu. Akikujibu "huwa linapita," mnunulie daftari naye.